Kikundi: Watoto wa Mtambwe (bila ya Hamad)

Juma: Asalaam alaykum. Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Kikundi hiki nimekifungua bila ya kaka Hamad, na sababu mnaijua. Leo magharibi kaanguka na vespa. Kachubuka goti tu, alhamdulillahi, lakini kila aliyemwinua kaisikia harufu.

Ami Khamis: Waalaykumu salaam. Marahaba. Yuko wapi saa hizi?

Fatma: Kalala, Ami. Anasema ni mchanga ulimtelezesha. Nilipomuuliza pombe kaniapia, eti ni kidogo tu ya kupatia usingizi.

Shangazi Raya: Hasbunallahu wa ni'mal wakil.

Fatma: Mie nshachoka kubishana naye. Kwake yeye mlevi ni yule anayelala mtaroni. Yeye kazi ya uashi anakwenda, watoto wanakula, basi hakuna neno.

Juma: Hakuna neno na pesa za karafuu za mama hazionekani? Mie nshaamua. Kesho tunamtia chumba cha uani siku tatu. Maji na wali atapata, ufunguo ntakaa nao mie. Atatoka mzima.

Salma (Unguja): Juma, usifanye hilo. Nakuomba sana.

Salma (Unguja): Wifi, asubuhi akiamka, kabla hajatoka, mikono yake iko vipi?

Fatma: Inatetemeka, wifi. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Jasho linamtoka, siku nyengine anatapika na tumbo tupu. Akitoka kidogo akarudi, katulia kabisa. Anasema labda ni sukari, maana marehemu baba alikuwa nayo.

Salma (Unguja): Basi nisikilizeni, hii ndiyo kazi yangu na wagonjwa hawa tunawapokea wodini.

Mkono unaotulia kwa pombe maana yake mwili umeshaizoea. Pombe inaupoozesha ubongo, na mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu ubongo nao unajizidishia kasi ili uhimili. Ukiikata ghafla, ile kasi inabaki haina cha kuizuia. Masaa 6 mpaka 24 ya mwanzo anatetemeka, anatoka jasho, halali. Ndani ya siku 2 anaweza kupata degedege. Kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Akifika hapo bila ya tiba anaweza kufa. Msifananishe na arosto ya unga, yale maumivu ya mtu aliyeacha heroini. Ile ni mateso makubwa, lakini yenyewe ni nadra kuua mtu mzima. Hii ya pombe inaua.

Akipata degedege usiku na mlango umefungwa, nani atamwona?

Juma: Dada, mie sitaki kaka afe. Nataka aache.

Salma (Unguja): Najua mdogo wangu. Ndiyo maana aachie spitali. Kuna vidonge vya kumtuliza, vinapunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, kwa sababu pombe inaimaliza na ubongo unaharibika.

Juma: Na ile dawa ya kutia kwenye chai, mtu akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia? Kuna mtu kaniambia anazo.

Salma (Unguja): Ipo, inaitwa disalfiramu. Anapewa mtu anayejua na aliyekubali, na daktari kamwangalia moyo na ini. Ukimtilia kwa siri, akanywa juu yake, presha inaweza kuporomoka. Na siku akigundua, hatokula tena mkononi mwa mkewe.

Shangazi Raya: Mie ntamsomeshea kombe kwa maalim.

Salma (Unguja): Msomeshee, Shangazi, na dua usiache. Na spitali aende.

Salma (Unguja): Sasa nna gumu la kusema. Wifi, usiku huu ukiona chupa usiimwage.

Shangazi Raya: Astaghfirullah! Salma! Tumwachie haramu ndani ya nyumba yenye watoto na msahafu?

Salma (Unguja): Simhalalishii, Shangazi. Mwili wake umeshafungwa na ile kitu. Nachelea tuikate usiku, na daktari hajamwona.

Fatma: Mie nilimwaga wiki iliyopita. Alitetemeka mpaka nikaogopa, akatoka na mvua ile.

Ami Khamis: Raya, dharura ina hukumu yake. Tunataka roho ya mtoto wetu isalimike kwanza. Salma, endelea.

Salma (Unguja): Ahsante Ami. Jengine ni hili. Wifi, nani anampigia msimamizi wake akikosa kazini?

Fatma: Mie. Nasema ana homa.

Ami Khamis: Na deni la dukani nimelipa mie. Mara ya pili sasa. Salma, kumsitiri mwenzio ni katika dini yetu.

Salma (Unguja): Ni kweli, Ami, na jirani hana haja ya kujua. Lakini Hamad mwenyewe hajaonja hasara hata moja. Homa anaisema mkewe, deni analipa ami yake, vespa anatengeneza Juma. Ataliona wapi tatizo?

Ami Khamis: …Umesema kweli. Deni jengine silipi. Chakula cha watoto nitampa Fatma mkononi.

Fatma: Na mie simu ya msimamizi sipigi tena. Nnaogopa, lakini sipigi.

Salma (Unguja): Wifi, anakupiga?

Fatma: Hapana wallahi. Juzi alivunja sahani.

Salma (Unguja): Akikuinulia mkono siku yoyote, chukua watoto uende kwa mama. Usingoje kutuuliza.

Juma: Atakubalije spitali, na anasema hana kitu?

Salma (Unguja): Kwa hili analolikubali mwenyewe. Kasema sukari, basi twende tukapime sukari. Ila tusimdanganye. Aambiwe kabisa kwamba daktari ataelezwa na habari ya pombe. Aseme naye mtu mmoja, si sote kumzunguka, na wala asiitwe mlevi. Aambiwe tulichokiona: mikono, vespa, mtoto wake Nassor aliyesahauliwa skuli mpaka alasiri. Halafu aulizwe, aachwe aseme. Akikataa kesho, tutarudi tena.

Ami Khamis: Ntasema naye mie. Nnakuja baada ya alfajiri, tutakaa barazani wawili tu.

Juma: Gari ntaleta mie, twende spitali ya Wete. Vespa nshaitia ndani, na akiuliza ntamwambia kwa nini.

Salma (Unguja): Inshaallah. Wakiona anahitaji zaidi watatuelekeza, na huku Unguja kuna Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, nitampokea bandarini mwenyewe. Wifi, simu iwe karibu. Akipata degedege: mlaze ubavu, ondosha vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu mdomoni, mpigie Juma na muende hapohapo.

Fatma: Ubavu, nisimtie kitu mdomoni, nimpigie Juma. Nimeshika, wifi.

Juma: Mie silali mbali, shemeji. Piga saa yoyote.