Ukurasa "halisi" wa Kirby wa 1966 una inchi 10 kwa 15? Huu ni wizi!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira ya kupasua ukuta.

Kuna muuzaji mmoja wa Marekani kaniuzia ukurasa wa mchoro wa Fantastic Four, katuni ya kampuni ya Marvel, wa 1966. Tangazo lake: mchoro halisi, Jack Kirby kachora kwa penseli, Joe Sinnott kapitisha wino juu yake. Picha alizoweka zilikatwa kingo zote. Nikamuuliza vipimo kabla sijalipa, akaniandikia kwamba ni ile saizi kubwa ya zamani. Mzigo umefika, nimeweka rula: inchi 10 kwa 15.

Wazoefu wa humu mshaanza kucheka. Mwaka 1966 Marvel walikuwa bado wanachorea karatasi kubwa, eneo la mchoro peke yake kama inchi 12 na nusu kwa 18 na nusu. Hii ndogo imekuja mwishoni mwa 1967. Kirby aliitoa wapi?

Na si saizi tu. Enzi hizo Kirby alikuwa anaandika kwa penseli pembezoni mwa ukurasa, kumweleza mwandishi Stan Lee nini kinatokea kwenye kila picha ili Lee aje kuweka maneno. Huu wangu pembeni ni mweupe pee. Maneno ya wahusika, ambayo zamani yaliandikwa kwa mkono na kalamu ya wino, haya yametoka kwenye printa! Halafu mistari. Sinnott alikuwa anavuta mstari mmoja kutoka mnene hadi mwembamba bila kusita. Huu unatetemeka kila kona, mtu kaweka karatasi juu ya taa akafuatisha.

Sikatai nakala za mkono. Wapo wachoraji wanaochora upya kurasa za zamani, wanasaini majina yao, wanauza kwa bei ya nakala. Hao nawanunulia hata kesho.

Kilichonichefua ni jibu lake. Eti ukurasa umetoka kwa familia ya mfanyakazi wa zamani wa ofisi ya Marvel ya New York, ndiyo maana hauna karatasi yoyote ya ushahidi, na pesa hairudi. Anajua anachofanya huyu. Kurasa za Kirby kweli zilipotea stoo za kampuni kimyakimya zikaishia sokoni. Kirby, mzee wa watu, mwaka 1984 aliletewa na Marvel fomu ya kurasa nne asaini ndipo arudishiwe kazi zake, wakati wachoraji wenzake walipewa ya ukurasa mmoja. Aligoma, akapigana hadi 1987, akapata kama kurasa 2,000 tu kati ya maelfu aliyochora. Sasa tapeli anachukua dhuluma ile anaigeuza kisingizio cha kukosa ushahidi!

Tamaa imewapanda matapeli hawa. Januari 2022 ukurasa mmoja wa mchoraji Mike Zeck kutoka katuni ya Marvel ya Secret Wars namba 8, ule wa Spider-Man na vazi jeusi, ulikwenda dola 3,360,000 kwenye mnada wa kampuni ya Heritage kule Dallas. Kwa bei hizo kila mwenye brashi na chupa ya wino anajiona Sinnott.

Nimeshafungua malalamiko benki nirudishiwe pesa ya kadi. Mwenye ukurasa wowote wa Kirby wa 1965 au 1966 naomba aupige picha mbele na nyuma, kingo zote zionekane, rula iwe juu yake, aitupie hapa. Nataka niwapelekee benki waone tofauti kwa macho yao.