Mrejesho: rangi ya maji kutia kivuli kwenye modeli ndogo

Niliuliza kwa nini rangi ya maji (ile ya kuchorea picha) inajikusanya matone juu ya modeli, yaani sanamu ndogo, iliyopakwa rangi ya akriliki badala ya kutiririka kwenye mikunjo. Asanteni kwa majibu. Njia imefanya kazi.

Chanzo ni ulaini wa akriliki: maji hayapati pa kushika. Pulizia kwanza vanishi isiyong'aa, tabaka moja jembamba, uiache ikauke kabisa. Changanya rangi ya maji ya tyubu sehemu 1 kwa maji 8 hivi, kisha chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni ya vyombo na ukoroge. Sabuni ikizidi, mapovu huacha viduara vikikauka.

Paka, subiri ikauke, halafu futa sehemu zilizoinuka kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo tu. Hapa ndipo rangi ya maji inapoishinda akriliki: gundi yake ya mgunga huyeyuka tena ikiguswa na maji, kwa hiyo hata kesho unaweza kurekebisha kivuli. Kahawia iliyokolea inafaa ngozi na mbao; kwa chuma, kijivu chenye ubluu. Nyeusi tupu huua rangi za chini, mimi siipendi.

Sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake mwishoni. Vanishi ya maji ikipakwa kwa brashi itaburuta kivuli chote. Funga kwa vanishi ya kupulizia, mipulizo myepesi miwili au mitatu, bila kulowesha. Kabla ya hapo usiishike modeli kwa vidole. Jasho linatosha kuacha alama.