Naomba ushauri: okidi chui yangu inaoza mashina

Ndugu wapenzi wa maua, salaam. Ninaishi Entebbe, karibu na ziwa, na tangu mwaka jana ninatunza okidi chui (Ansellia africana), ambayo niliiokota ikiwa bado imeng'ang'ania tawi la mvule lililoangushwa na dhoruba. Ninalisema hili mapema kwa sababu sipendi kuonekana kama wale wanaobandua mimea hii msituni na kuiuza barabarani.

Kwa kuwa mmea huu hukaa juu ya miti bila kuinyonya, na mizizi yake myembamba huchomoza juu kama sindano ili kunasa majani makavu yanayoulisha, niliona haufai kupandwa kwenye udongo. Niliuweka katika chungu chenye matundu, pamoja na vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, chini ya mwembe. Ulistawi hadi mvua za Machi zilipoanza. Sasa mashina mawili, yanayofanana na miwa midogo, yamekuwa meusi na laini kuanzia chini, na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia sijayaona hata mara moja.

Nashuku makumbi, kwani hayakauki upesi. Je, nikate sehemu zilizooza na kuupaka mkato unga wa mkaa, kisha niufunge mmea moja kwa moja kwenye gogo? Na kivuli cha mwembe, chenye giza kiasi hicho, ndicho kinachouzuia kuchanua?