Mjomba wa mchumba wangu anasema neno hanimuni ni la walevi, naombeni ushauri

kijana_wa_pongwe:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, naoa wiki tatu zijazo inshallah, mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka juzi kwenye kikao cha ukweni. Ratiba ya harusi nilichapa mwenyewe, mwishoni nikaandika "Jumatatu maharusi wanaenda hanimuni Lushoto". Mjomba wake mchumba wangu kavaa miwani, kasoma mpaka chini, akailaza ile karatasi kwenye mkeka akasema hilo neno halisomwi nyumbani kwake, eti wazungu wa kale wakioa walikuwa wanakunywa pombe ya asali mwezi mzima, yaani kama wanzuki, ndo pakaitwa mwezi wa asali, na video ya watsapu anayo. Watu kimya. Mchumba wangu kasimama mlango wa uani na sinia la chai, machozi yanamlenga. Huyu binti nampenda sana na mzee namheshimu, hoteli nishalipa nusu. Je ni kweli hilo neno limetoka huko? Na nifanyeje bila kumvunjia mzee heshima?

mwl_mstaafu:
Pole kijana. Kiingereza nimekifundisha miaka mingi na hiyo hadithi ya pombe inazunguka sana, lakini maandishi ya zamani yenyewe hayasemi hivyo. Neno honeymoon lipo kwenye kitabu cha methali cha John Heywood cha 1546, halafu 1552 Richard Huloet akalieleza kwenye kamusi yake, kwamba ni msemo wa kuwasema waliooana karibuni, mwanzoni wanapendana kupita kiasi halafu penzi linapungua. Asali ni ule utamu, na mwezi ni huu wa angani, ukishajaa unaanza kumegeka. Pombe haitajwi kabisa. Hata safari haikuwemo, hiyo imekuja baadaye sana, karne ya 19 maharusi wenye uwezo huko Uingereza walikuwa wanazunguka kusalimia ndugu ambao hawakufika harusini. Ila nakuomba usiende kumsomea mzee haya mbele za watu, ukimshinda kikaoni umejiharibia mwenyewe.

mpemba_maskati:
Naongezea hapo kwa mwalimu. Mimi niko Omani mwaka wa kumi sasa, waarabu wenyewe wanasema shahru l-asal, mwezi wa asali hivyo hivyo, na masheikh wanaozesha watu wanalitumia wala hakuna anayefikiria ulevi. Wafaransa nao lune de miel, ni asali na mwezi tu. Mzee akilisikia la kiarabu moyo utamtulia.

Bi_Somo:
Mwanangu hayo ya kiingereza sawa, lakini mbona mmeliacha letu? Sisi tuna fungate. Ni saba ya zamani hiyo, kabla hatujachukua saba ya kiarabu, na hao Wasambaa wa huko huko Lushoto unakokwenda wakihesabu wanasema mtandatu, mfungate. Ni zile siku saba bwana harusi anaingia kwa mkewe, hawatoki ovyo, wanahudumiwa. Mimi nimekaa na maharusi wengi, asubuhi napeleka uji wa pilipili manga na mkate wa kumimina, nagonga mara moja naweka mlangoni naondoka, sisubiri kufunguliwa. Watoto wanazoeana pale, mmoja anajifunza mwenzake analalaje, anakasirikaje. Sasa wewe harusi Jumamosi, Jumatatu unambeba unaondoka naye. Una hakika mzee kilichomuuma ni neno? Mjomba hawezi kukaa mbele ya mpwa wake akaanza kuzungumza mambo ya chumbani, akishika la pombe ndo njia aliyoipata. Usiende mwenyewe, mtume mshenga, amuulize taratibu wakiwa wawili.

dogo_makorora:
Bi Somo kaongea. Na hoteli wapigie leo leo waombe kusogeza tarehe, ukingoja wiki ya harusi hawatakuelewa.

kijana_wa_pongwe:
Wakuu narudi na mrejesho. Mshenga alikwenda jana baada ya alasiri, wakakaa barazani mpaka magharibi. Neno lenyewe mzee hata hakuligusa sana. Alichosema ni kwamba dada yake, yaani mama mkwe wangu, alikaa fungate chumba kile cha nyuma, na kile chumba kakipaka chokaa kwa mkono wake mwezi uliopita, akawa anangoja aulizwe. Kwa kweli nilijisikia vibaya sana maana ile chokaa niliiona, nikadhani ni ya wageni. Hoteli wamekubali kusogeza mbele, ratiba nachapa upya naandika fungate siku saba, Lushoto baadaye. Mchumba wangu kanipigia usiku anacheka na kulia pamoja. Bi Somo nina swali moja, zile siku saba swala ya ijumaa naenda msikitini au sitoki kabisa?

Bi_Somo:
Msikitini nenda mwanangu, huzuiwi na mtu. Ukirudi pitia mlango wa uani, utakuta maji yamewekwa.