Mjadala: Kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi, tuendelee kuambizana kuwa ni dawa?

Mleta mada
Wadau, salaam. Nimeileta hii kwa uchungu. Mama yangu mdogo anaishi Tanga, ana presha na lehemu (kolesteroli) yake iko juu. Muuzaji mmoja akamwambia anywe vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, eti yatamsafisha mishipa. Akanywa miezi minne, vidonge akaviweka kando. Aliporudi kupima, lehemu mbaya ilikuwa imepanda. Siwezi kuapa kwamba ni mafuta peke yake, maana na dawa aliacha. Ila yule muuzaji aliongea kwa uhakika kana kwamba yeye ndiye aliyempima.

Mimi mafuta haya nimekua nayo. Bibi alikuwa anakalia mbuzi tangu alfajiri, anakuna, anakamua tui kwenye kifumbu, analiacha litulie mpaka lile zito lipande juu, kisha analibandika kwa moto mdogo. Linatoa povu, maji yanakauka taratibu, kutokota kunapungua, chenga za kahawia zinashuka chini na harufu inafika kwa jirani. Nazi kama kumi na tano, unapata chupa moja. Chupa hiyo ilikuwa ya nywele, ya kumkanda mtoto mchanga, na kidogo ya kukaangia kitunguu cha mchuzi. Sikumwona akiyanywa hata siku moja.

Tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu kama 14 za mafuta, na karibu 12 kati ya hizo ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa anamaliza kiwango chake cha siku nzima kabla ya chai. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Malindi
Ndugu yangu, pole kwa mama. Lakini wazee wetu wamekula nazi maisha yao yote na wengine tumewazika wakiwa na miaka tisini. Mafuta ya nazi hayana lehemu hata chembe. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo inapandisha ile lehemu nzuri. Mwaka 2018 profesa mmoja alisimama kwenye mhadhara kule Ujerumani akayaita sumu tupu. Hilo ni tusi kwa watu wa Pwani.

Mleta mada
Kwa neno sumu niko upande wako kabisa. Mafuta hayana lehemu, kweli, kama mmea wowote. Lakini ini letu ndilo linaloitengeneza, na mafuta yaliyoshiba yanalifanya liache nyingi zaidi kwenye damu. Lauriki inapandisha ile nzuri na ile mbaya pamoja, ndiyo maana Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2017 kilishauri watu wasiyatumie. Na tuwatazame watu wa visiwa vya Pasifiki: Tokelau walipata zaidi ya nusu ya nishati yao kwenye nazi, na maradhi ya moyo yalikuwa machache. Walikula samaki, sukari kidogo. Hata hivyo lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya jirani zao wa Pukapuka waliokula nazi pungufu kuliko wao. Wazee wetu nao walikwenda shamba na pwani kwa miguu. Sisi tunakunywa kijiko halafu tunapanda bodaboda.

Mchangiaji, Iringa
Samahani kuwakatisha. Yangu yameganda yamekuwa meupe kama mshumaa. Nimeuziwa feki?

Mleta mada
Hapana mkuu, yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Weka chupa kwenye maji ya moto. Ila yale yasiyosafishwa kiwandani usiyakaangie chipsi, yanawahi kutoa moshi.

Mchangiaji, Dar es Salaam
Mimi ni mama lishe. Wali wa nazi na maharage ya nazi ndivyo vinavyonilipia kodi. Tui si mafuta hayohayo? Mbona hilo hulisemi?

Mleta mada
Dada, umenishika pazuri. Ni mafuta yaleyale. Nyama ya nazi karibu theluthi moja ni mafuta, na ukikamua kwa mkono, sehemu si haba ya mafuta inabaki kwenye machicha. Nazi moja kwenye chungu cha watu wanane, kila mmoja anapata pungufu ya kijiko, tena pamoja na maharage yenye nyuzinyuzi. Wapo wanaotia nazi tatu kwenye chungu hichohicho. Hapo nitakuwa mwongo nikisema hakuna neno.

Mama mdogo karudia vidonge. Mchuzi wa kila siku tunapikia alizeti, wali wa nazi tumeuweka Ijumaa, na daktari wake karidhia. Sasa ninyi wauzaji mliomo humu: mteja akija kununua ya kunywa, mnamuuliza kwanza kama ana presha? Na akisema ndiyo, mnamjibu nini?