Kitufe cha "Jaribu Muunganisho" kinatudanganya, halafu mfumo unatufungia nje

Wakuu, hili limenichosha na sinyamazi tena.

Tuna mfumo unaoendesha shughuli zote za ofisi: mishahara, stoo, manunuzi. Watumiaji wanaingia kwa majina na nywila zao za Active Directory (saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za watumiaji), kupitia LDAP (lugha ambayo programu hutumia kuuliza saraka). Tukaamua kutoka poti 389, ya LDAP ya kawaida, kwenda 636, ya LDAP iliyosimbwa, kwa sababu bila usimbaji nywila zinapita wazi kwenye mtandao na yeyote anayenusa humo anazisoma. Nikabadilisha poti, nikaingiza cheti cha usimbaji, nikabonyeza "Jaribu Muunganisho". Rangi ya kijani, imefanikiwa. Nikahifadhi. Kesho yake asubuhi hakuingia mtu hata mmoja, nami msimamizi wa mfumo nikiwemo.

Kumbe ukigusa poti, ukurasa ule wa mipangilio unarudisha kichujio cha watumiaji (kanuni ya kumtafuta mtu kwenye saraka) kwenye thamani ya kiwandani bila kukuambia lolote! Kilikuwa kinatafuta kwenye sAMAccountName, sehemu yenye jina la kuingilia la mtu, kikarudi kwenye uid. Kwenye Active Directory sehemu ya uid kwa kawaida iko tupu, kwa hiyo hata utafute jina la nani, hapatikani. Na kile kitufe hakiwezi kuliona tatizo hilo, maana kinapima jambo moja tu: kama akaunti ya huduma, ile ambayo mfumo wenyewe unaitumia kuingia kwenye saraka, inakubaliwa na seva. Hakimtafuti mtumiaji yeyote. Hakiangalii kama watu wako chini ya tawi la saraka ulilolitaja. Ni kubisha hodi, kuitikiwa, kisha kuondoka bila kuuliza kama unayemtaka anaishi humo.

Watumiaji nao waliambiwaje? "Jina au nywila si sahihi." Watu wazima na kazi zao wakashinda wanabadilisha nywila ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kwenye logi (kumbukumbu za matukio za mfumo) hakuna kitu, na si kwa tatizo hili tu. Active Directory yenyewe huwa inataja sababu ya kumkataa mtu: 52e nywila si sahihi, 532 nywila imeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 775 akaunti imefungwa. Programu inapokea yote hayo na kuyatupa, kisha inamwandikia kila mtu sentensi ile ile.

Lakini lililonipandisha hasira kuliko yote ni hili: ukiwasha uthibitishaji wa saraka, akaunti za ndani ya mfumo wenyewe zinazimwa zote, hata ile ya msimamizi mkuu. Saraka ikikorofisha, hakuna wa kuingia kurekebisha. Ilibidi tuingie kwenye hifadhidata yenyewe na kurudisha kichujio kwa mkono, kazi ambayo mkataba wa msaada unatukataza kuifanya. Tungefanya nini, mishahara isubiri?

Tunalipia leseni kila mwaka. Nataka kabla ya kuhifadhi niweze kujaribu kwa jina la mtumiaji halisi na kuona amepatikana wapi na yumo kwenye makundi gani. Nataka akaunti moja ya ndani ibaki hai daima. Na mipangilio ambayo sikuigusa isiguswe!

Tiketi yetu ya msaada, wenye programu wameifunga kwa maelezo kwamba si hitilafu. Nimeifungua upya. Wenye mfumo wa aina hii, kabla hamjagusa poti nakilini kichujio chenu pembeni, na kama yamewakuta haya fungueni tiketi zenu pia, maana tiketi moja wanaipuuza.