Naomba ushauri: Steve Rogers (Captain America) alizeekea wapi?
Wakuu, jana nimerudia filamu ya Avengers: Endgame (2019) na kichwa bado kinagonga. Hulk anasema ukisafiri kurudi zamani na kubadilisha yaliyopita, huku ulikotoka hakubadiliki. Sawa, ndiyo maana yule adui Loki alitoroka na Tesseract (mchemraba wenye moja ya yale mawe ya Infinity) mwaka 2012 na bado Thanos wetu, adui mkuu, alikuja vilevile. Lile likawa tawi jingine la wakati, mbali na letu.

Sasa huyu Steve! Kaenda zamani kurudisha mawe waliyoyachukua, kabaki na Peggy, mpenzi wake wa enzi hizo, halafu tunamwona mzee kaketi kwenye benchi kando ya ziwa, wala hakutokea kwenye ule mtambo wa kusafiria wakati. Kama alizeekea tawi lingine, kavukaje? Kama ni hapahapa, kanuni ya Hulk imeenda wapi? Mliomaliza tamthilia ya Loki, TVA (wale walinzi wa mkondo wa wakati) walilifumbia macho? Nifafanulieni taratibu, mimi mzito kidogo.